VM mbili ndani ya chuma kimoja: kwa nini IP haihami

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina VM (kompyuta pepe) mbili za Linux kwenye seva moja ya ESXi, programu ya VMware ya kuendeshea VM; zote zina keepalived, programu ya kuhamisha IP mwenye nayo akianguka, na zinapokezana IP (anwani ya mtandao) moja ya huduma. Nikichomoa kebo ya mtandao ya seva, IP inabaki kwenye VM ya kwanza na watumiaji wote wanakatika. Nimeshauriwa niruhusu VM zisikilize trafiki yote ya swichi pepe (swichi ya kiprogramu inayounganisha VM), na nizime faiwoli. Nifanye hivyo?

JIBU: Usiguse chochote kati ya hayo, mkuu. Keepalived yako ni nzima.

Swichi pepe iko ndani ya seva. Matangazo ya VRRP (lugha ambayo keepalived hutumia kumjulisha mwenzake kwamba iko hai) yanayotoka VM ya kwanza kila sekunde kwenda anwani ya kikundi 224.0.0.18 yanaifikia ya pili humo humo, bila kupita kwenye kebo. Ingia VM ya pili, piga `tcpdump -ni ens192 proto 112` uone matangazo hayo (ens192 ni kadi ya mtandao ya VM), kisha chomoa kebo: yataendelea kumiminika kama kawaida. Kwenye VM ya kwanza piga `ethtool ens192`. Itakujibu "Link detected: yes", maana kadi yake imeunganishwa na swichi pepe, na hiyo haijakatika. VM ya pili, ikiwa na kipaumbele 100, hunyakua IP ikikosa kumsikia mwenzake kwa kama sekunde 3.6. Hapa haijakosa hata tangazo moja. Na hata ingenyakua, ingetokea wapi? Kebo ni hiyo hiyo moja.

Ukihofia kebo, ongeza ya pili kwenye swichi pepe hiyo, iende kwenye swichi nyingine ya chumba cha seva.

Sasa hao washauri. Faiwoli ikizuia VRRP, dalili ni kinyume cha yako: VM zote mbili hushika IP. Ruhusa ya kusikiliza nayo inaifanya VM ione trafiki ya majirani zake wote, ilhali keepalived isiyowekewa `use_vmac` (chaguo la kutumia MAC pepe) inatumia MAC, yaani anwani ya kifaa, ya kadi yake na kujitangaza kwa ARP (ujumbe wa kueleza IP iko kwenye MAC ipi) tu. Haihitaji ruhusa hiyo. Watu wanaokota amri kwenye video, wanafungua milango yote, tatizo likipoa kwa bahati wanaiita dawa. Milango hairudi kufungwa.

Kinachoniumiza zaidi ni imani kwamba VM mbili ni seva mbili. Nimewahi kuitwa mahali VM zilikuwa zimetenganishwa vizuri, seva hii na ile. Yakafanyika matengenezo, zote zikahamishiwa seva moja, na hakuna aliyezirudisha. Pawasapulai ilipoungua, zikalala pamoja. Kanuni ya kutenganisha VM ya DRS (huduma ya VMware inayopanga VM zikae seva zipi) ingezuia hilo; kuiweka ni dakika mbili.

Tafuta seva ya pili, hamishia VM moja huko, hakikisha VLAN (mtandao uliogawanywa kwenye swichi) ni ile ile pande zote, weka kanuni hiyo. Halafu, usiku watumiaji wakiwa wamelala, zima umeme wa seva ya kwanza uangalie IP inakwenda wapi.