Neno "rebellion" na vita vya Maji Maji: litumie kwa uangalifu

Mwanafunzi wa Lindi au Mtwara anayejibu Historia kwa Kiingereza hukutana na neno rebellion kwenye mada inayohusu nyumbani kwao. Vita vya Maji Maji vilianzia Nandete, milima ya Matumbi, wilayani Kilwa, Julai 1905, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Kamusi inasema rebellion ni uasi. Ni kweli, ila haitoshi.

Asili yake ni Kilatini: bellum ni vita, re- ni tena. Warumi walilitumia kwa watu waliokwisha kushindwa kisha wakashika silaha upya. Ndiyo maana ukiliandika unakuwa umemkubali mtawala, hata kama hukukusudia. Ofisa wa Kijerumani alikuwa na sababu ya kuviita vita hivyo uasi, wewe huna. Unapoeleza mtazamo wa Wajerumani, andika rebellion. Unapotoa kauli yako, andika war au uprising. Swali likiwa limetumia "Maji Maji Rebellion", lirudie mara moja katika utangulizi ili msahihishaji aone umelielewa, kisha shika neno lako mpaka mwisho. Kuchanganya yote matatu kila aya kunaonyesha hujaamua.

Machemba, kiongozi wa Wayao wa huku kwetu, alimjibu Wissmann, kamishna wa Wajerumani, mwaka 1890 kwa barua ya Kiswahili kwamba hatamtii. Hapo rebellion haliingii kabisa, kwani hakuwa bado chini ya Mjerumani. Neno lake ni resistance.

Kosa linalopoteza alama nyingi ni la sarufi, na linatoka kwenye Kiswahili chetu. Sisi husema "waliwaasi Wajerumani", kitenzi kikishika mtendwa moja kwa moja. Kiingereza kinadai against: they rebelled against the Germans. Ukiandika they rebelled the Germans, umekosea. Herufi l ni moja katika rebel, mbili katika rebelled na rebelling. Katika matamshi, rebel likiwa ni muasi mkazo huwa mwanzoni. Likiwa kitendo, mkazo huwa mwishoni.

Askari wakiwaasi makamanda wao, sema mutiny: ndilo lililotokea kambi ya Colito, Dar es Salaam, tarehe 20 Januari 1964, likafika Tabora na Nachingwea. Zanzibar, tarehe 12 ya mwezi uleule, serikali iliangushwa na nyingine ikashika nchi, kwa hiyo andika revolution.