"We mpangaji tu, kaa chini!"

SWALI: Shangazi, kwenye mkutano wa mtaa huku Mbagala niliuliza mbona hela ya taka tunatoa na gari halipiti, mzee mmoja akanidaka hata sijamaliza, "we mpangaji tu, una kiwanja gani hapa?" watu wakacheka, hoja ikafa. Ningejibu nini?

JIBU: Pole mwanangu. Ya kiwanja achana nayo, ndo anachotaka huyo, mkianza hapo taka zinasahaulika. Mwambie "sawa mzee wangu, mimi mpangaji, je gari limepita?" halafu nyamaza umsikilize mpaka amalize, sio unapanga jibu huku anaongea (wengi wetu ndo zetu hizo). Na Katiba ya 1977, ibara ya 18, inasema kila mtu ana uhuru wa maoni, haijasema mwenye hati. Mwenyekiti naye akichekelea, omba mapato ya taka yasomwe hapohapo.