Kilo 4 zimeshuka kwa wiki mbili, kisha zimerudi: kilichotokea mwilini na cha kufanya

Dada wa Nyakato, nimesoma maelezo yako. Una kilo 94 na urefu wa sentimita 160. Uliacha ugali na wali kabisa, wiki ya pili ukawa umepungua kilo 4, wiki ya sita zimerudi zote na njaa juu. Usijilaumu. Kilichoshuka mwanzoni kwa sehemu kubwa kilikuwa maji. Ini na misuli huweka akiba ya wanga, nusu kilo hivi kwa mtu mzima, na kila gramu ya akiba hiyo hushikilia kama gramu 3 za maji. Ukikata wanga ghafla, akiba inaisha na maji yanatoka nayo. Ukirudia kula kawaida siku chache, vyote vinajaa tena. Mafuta ya tumboni yalikuwa hayajaguswa sana.

Kwa hiyo usiufukuze ugali. Kitu kinachonenepesha nyumba nyingi huku kwetu ziwani ni mafuta ya kupikia, kwa sababu hayaonekani sahani ikishapakuliwa. Andika tarehe kwenye chupa siku unayoifungua. Lita 1 ina kalori zaidi ya 8,000, yawe ya alizeti, pamba au mawese, hakuna yenye nafuu. Familia ya watu 5 ikiimaliza kwa siku 4, kila mmoja amekula kalori 400 na kitu kila siku za mafuta peke yake. Pima kijiko kikubwa 1 kwa kila mlaji kwa siku, ambacho ni kalori kama 120. Hapo umeokoa karibu 300 bila kupunguza tonge hata moja. Wanaoshindwa ni wale wanaomimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa, kwa sababu jicho linadanganya kila siku.

Samaki wetu ndiye anayeniuma zaidi. Sato anatoka soko la samaki la Mwaloni, Mwanza, akiwa mbichi, protini nyingi na mafuta kidogo sana, halafu anakaangwa hadi anakauka, kisha anaungwa tena kwenye mafuta mengine. Mchemshe: mpare magamba, mkate vipande, mpake limao na chumvi, panga nyanya, vitunguu, hoho na bilinganya chini ya sufuria, muweke juu, maji yafike nusu yake, funika dakika 20. Usimgeuzegeuze, atavunjika. Dagaa wakavu waoshe kwa maji ya moto mara 2 au 3 hadi mchanga uishe, wakaushe kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo mpaka wanukie, ndipo uweke kijiko 1 cha mafuta, kitunguu na nyanya. Kula kipande cha samaki ukubwa wa kiganja mchana na jioni. Usiporuka protini, misuli haitaliwa sana na mwili wakati unapungua, na njaa ya saa 4 usiku inatulia.

Ugali upimwe ukiwa bado unga. Peleka kikombe chako dukani, muuzaji akupimie gramu 100, weka alama kwa kalamu. Hicho ndicho kipimo chako kwa mlo mmoja, kalori kama 360. Udaga, unga wa muhogo, nao ni hivyo hivyo, usidhani ni mwepesi. Nusu ya sahani iwe mchicha, kabichi au mlenda. Chai vikombe 3 vyenye sukari vijiko vidogo 3 kila kimoja ni kalori 150 hivi, na soda ya mililita 350 haiko mbali na hapo. Hizo ondoa kabisa.

Kutembea dakika 30 kwa uzito wako kunachoma pungufu ya chapati moja, kwa hiyo usitegemee miguu pekee. Faida yake ni sukari na presha kushuka. Usianze na vilima vya mawe, hasa kushuka, magoti yataumia. Tafuta barabara tambarare. Kila kilo unayopunguza inaliondolea goti mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua. Nyumbani, kaa kwenye kiti na usimame bila kushika kitu, mara 10, rudia mizunguko 3.

Jipime Jumatatu asubuhi, baada ya choo, kabla ya chai. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Kuanzia kilo 5 hadi 9 tu, sukari, presha na mafuta kwenye ini huanza kupungua. Mahali fulani mzani utagoma, maana mwili mdogo unatumia nishati kidogo na homoni za njaa zinapanda. Hapo punguza unga gramu 20 kwa mlo, usiruke mlo. Pima na kiuno kwa utepe: kwa mwanamke, zaidi ya sentimita 88 ni hatari kubwa. Majirani wataanza kuuliza kama unaumwa. Jiandae mapema, wengi wamerudia kula kwa sababu ya maneno hayo.

Chai na vidonge vya "kukata tumbo" vingi vinaharisha au kukojoza. Unapoteza maji na potasiamu, na potasiamu ikishuka sana mapigo ya moyo yanavurugika. Tafadhali viache.

Umesema shingo imekuwa nyeusi na unaisugua kwa jiwe. Acha, unaumiza ngozi bure. Weusi huo wenye mikunjo kama kitambaa mara nyingi ni dalili kwamba insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, haifanyi kazi vizuri. Kama pia unakoroma na kushtuka ukikosa pumzi, mwambie daktari. Ukiwa tayari unatumia dawa za kisukari kama glibenklamidi au insulini, usipunguze chakula kabla daktari hajarekebisha dozi, sukari inaweza kushuka ukazimia. Kapime presha na sukari wiki hii. Presha ikifika 140/90 mara kwa mara, au sukari ya asubuhi ikifika 7.0 mmol/L, ni ya kutibiwa. Kwa kipimo cha sukari, usile chochote muda wa saa 8 kabla, maji tu yanaruhusiwa.