Jiko la kuni: acheni kununua ukubwa, nunueni joto

Kuna dada kaniandikia inboksi, kanunua jiko la kuni la kilowati 12 (hicho ni kipimo cha joto linalotoa) la kupasha sebule tu, kioo cha mlango wake kinakuwa cheusi jioni ileile, chumba kinanuka moshi na bado wanakaa na makoti. Anauliza abadilishe kuni au arudishe jiko. Dada yangu, vyote viwili.

Mi la kwangu ni la kilowati 5. Siku nalichagua shemeji yangu alicheka mbele ya muuzaji, eti hilo la kuchezea watoto, na muuzaji badala ya kunitetea akanivuta kwenye dude moja kama kabati. Nikamwambia hapana, nifungie hilihili. Sasa hivi baridi ikikaza shemeji huyohuyo haondoki kwangu, anajifanya amekuja kusalimia wajomba zake, na hata siku moja hajasema kumbe ulikuwa sahihi. Tuyaache hayo. Ila sijayasahau.

Iko hivi. Jiko kubwa kwenye chumba kidogo likiwaka inavyotakiwa mtaungua humo ndani, mtafungua madirisha, kesho yake mnabana tundu la hewa ili moto upoe, na moto ukibanwa hewa hauwaki tena, unafuka tu. Ule moshi ni kuni ambayo haijamaliza kuungua, yaani joto lako linatokea juu, na ukikuta dohani, yaani bomba la kutolea moshi, limepoa unagandia kwenye kuta zake, ndio kreosoti hiyo, nyeusi kama lami, siku ikishika moto dohani linanguruma na paa linaweza kwenda nalo. Jiko dogo unalipa hewa linawaka kwa nguvu, moshi unaungulia humohumo.

Hesabu yangu nilifanya hivi: urefu mara upana mara kimo kwa mita, halafu gawa kwa 14. Sebule yangu ni 5 kwa 5.5, kimo 2.5, inakuja kama 69, ukigawa ni karibu kilowati 5. Ni makadirio, nyumba yenye mianya mingi itataka zaidi, lakini si mara mbili jamani.

Kuni sasa. Kuni mbichi karibu nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji, na moto wako unaanza kuchemsha hayo maji kwanza kabla ya kukupasha wewe. Unataka unyevu chini ya asilimia 20. Nunua kamita ka unyevu, pasua gogo, pima kule ndani kulikopasuka, usipime kwenye gome ukajidanganya. Za kwangu napasua mapema, nazipanga juu ya mbao zisiguse ardhi, nafunika juu tu, pembeni naacha upepo upite, zinakaa mwaka, zile ngumu hata miwili. Watu hawataki kusubiri, ndo shida yetu, tunataka joto leo kwa mti uliokatwa juzi halafu tunalaumu jiko!

Kuwasha: magogo chini, vijiti juu, washa kule juu, tundu la hewa wazi kabisa mpaka moto ushike. Ongeza kidogokidogo. Mtindo wa kujaza jiko usiku na kubana hewa ili liwake hadi asubuhi uacheni, nimesema uacheni, na mbao za rangi au zilizotiwa dawa zisiingie humo. Majivu yatoe kwa ndoo ya chuma yenye kifuniko, uiweke nje, makaa yanaweza kujificha humo siku kadhaa yakiwa hai.

Dada, kabla ya kulumbana na muuzaji, usiliwashe tena. Chumba kikinuka moshi ujue hata kaboni monoksaidi inaweza kuwemo, na yenyewe haina harufu wala rangi. Mwite fundi asafishe dohani na akague kama halijaziba, hiyo ni kila mwaka hata kama jiko halisumbui, na ufunge kengele ya hiyo gesi chumba hichohicho chenye jiko. Ukishapata vipimo vya sebule nitumie, tupige hesabu pamoja.