Maswali yenu: Yazoo, mashine na ile sauti

Wiki hii ni Yazoo tupu, bendi ya wale wawili wa Basildon pale Essex, Uingereza, Vince Clarke kwenye mashine na Alison Moyet kwenye maiki. Mengine nimeyaacha maana mliuliza mwezi uliopita, na mwezi wa nyuma yake pia.

"Mbona wengine wanawaita Yaz?"

Marekani kulikuwa tayari na lebo ya bluzi inaitwa Yazoo, kwa hiyo huko jina likafupishwa. Nimeshajibu mara tatu hili jamani, sijibu tena.

"Walikuwa wapenzi?"

Hapana. Kila mwanamke na mwanaume wakisimama jukwaa moja lazima wawe wapenzi? Hawa hata urafiki wa karibu hawakuwa nao. Clarke alikuwa katoka tu kwenye bendi ya Depeche Mode mwishoni mwa 1981, Moyet akatangaza kwenye gazeti la Melody Maker kwamba anatafuta bendi ya bluzi, yaani magitaa na jasho, halafu anayempigia simu ni kijana wa sinthesaiza, kinanda cha umeme kinachotengeneza sauti. Akaenda akijua anaimba demo tu ya mtu, rekodi ya majaribio, kisha anarudi zake kwao. Demo yenyewe ndio Only You, ikafika namba 2 kwenye chati ya Uingereza mwaka 1982.

"Muziki wa kompyuta unaitwaje soul, yaani muziki wa roho, wakati mashine haina roho?"

Hili nalisubiri kila wiki. Nani kakwambia gitaa lina roho? Ni mti na waya. Kaa usikilize Only You vizuri, achana na spika ya simu, vaa hedifoni. Sinthesaiza kama ile Pro-One aliyokuwa nayo Clarke inatoa noti moja kwa wakati mmoja, hakuna kukandamiza vidole kumi kama kwenye piano, kwa hiyo alikuwa anapanga mistari myembamba mmoja mmoja, huu unapanda, ule unashuka, katikati panabaki nafasi wazi kabisa na ndio hapo Moyet anaingia na ile sauti nzito kama ya mama aliyeimba kilabuni miaka thelathini, na binti mwenyewe alikuwa hata miaka ishirini na mbili hajafika. Sikwensa, ile mashine inayopiga noti zilizopangwa, haichoki wala haichelewi hata kidogo, Moyet anachelewa makusudi, anaivuta silabi nyuma ya mapigo, na huo mvutano ndio soul yenyewe mnayoitafuta. Mngempa bendi ya bluzi aliyoitaka angekuwa mwimbaji mzuri wa bluzi kati ya wengi. Na siku hizi mnajaza traki themanini kwenye wimbo mmoja halafu mnashangaa mwimbaji hasikiki, punguzeni vitu!

"Only You si ya lile kundi la Flying Pickets?"

Ile ya midomo mitupu iliyokuwa namba 1 Krismasi ya 1983 ni kava, wimbo wa wengine ulioimbwa upya. Kaiandika Clarke.

"Kumbe Clarke ndio aliandika kila kitu, Moyet alikuwa sauti tu?"

"Sauti tu", haya. Nobody's Diary ni ya Moyet, aliiandika akiwa bado binti mdogo kabla hata ya Yazoo, na ilifika namba 3. Midnight na Winter Kills pia zake. Tabia hii ya kudhani anayebonyeza vitufe ndiye mwenye akili na mwanamke kapewa maiki ya kuazima imenichosha, na ninyi mnaoniandikia hivyo someni kwanza majina ya watunzi kwenye ganda la albamu.

"Waliachana kwa sababu ya hela?"

Walikuwa hawaongei, ndio sababu. Albamu ya kwanza, Upstairs at Eric's, ilirekodiwa Blackwing, studio ya Eric Radcliffe ndani ya lililokuwa kanisa kule London, na ikafika namba 2. Walipofika ya pili, You and Me Both, mmoja anaingia studio mwenzake anatoka, kuna wimbo Moyet aliukataa katakata, Happy People, Clarke akauimba mwenyewe (na inasikika kwanini si kazi yake). Kwenye ganda la albamu wakaweka mbwa wawili wanapigana, sijui nani alikuwa hajaelewa. Albamu ikatoka 1983, ikashika namba 1, na bendi imeshakufa. Kama miezi kumi na minane hivi, imeisha. Mwaka 1985 Clarke katafuta mwimbaji kwa tangazo, gazeti lilelile, akampata Andy Bell, ndio bendi ya Erasure, na Bell ukimsikiliza unajua kabisa kamsikiliza sana Moyet.

"Mimi naimba, mwenzangu anatengeneza biti, tunaelewana sana. Tufanyeje tusiishie kama wao?"

Hilo "tunaelewana sana" ndio linanitisha. Andikeni leo nani ana asilimia ngapi kwenye kila wimbo, kabla haujatoka, mkiwa bado mnacheka. Msirekodi kwa kutumiana mafaili mwaka mzima bila kukaa chumba kimoja. Na ukichukia wimbo sema siku hiyohiyo, usimtume mtu.

"Watarudi?"

Walisharudi 2008, wakazunguka na zile nyimbo za albamu ya pili ambazo hawakuwahi kuzipeleka jukwaani. Wewe ulikuwa wapi?