Boxer kwenye mchanga wa Mambrui: tangi liache kwanza

Ndugu yangu umeuliza kama pikipiki ya Boxer 150 ya barabarani yaweza kugeuzwa ikawa ya jangwani, na kama uanze kwa kununua tangi kubwa. Yawezekana, ila tangi liache. Lita 10 za ziada ni kilo 7 na zaidi, tena juu juu, na kutoka Malindi hadi Ngomeni na kurudi hilo ulilonalo latosha.

Anza na chujio la hewa. Mchanga wa Mambrui, hapa kaskazini ya Malindi, ni laini, upepo ukivuma unaruka hadi usawa wa kiti. Ukipenya, unakwangua silinda na ringi mpaka injini inakula oili na kutoa moshi. Mimi nililijua hilo baada ya kununua pistoni mpya. Sasa natumia sponji iliyolowekwa oili, na mdomo wa hewa nimeupandisha chini ya kiti. Halafu paka grisi nyembamba ndani ya mpira unaoingia kwenye kabureta. Ukirudi, fungua upitishe kidole: ukihisi chembe, pana mwanya mahali.

Kisha magurudumu. Pikipiki za mashindano ya jangwani huwa na inchi 21 mbele na 18 nyuma, kwa sababu gurudumu kubwa hupanda mchanga badala ya kuuchimba. Fundi alinisukia rimu ya 21 kwa habu (kitovu cha gurudumu) yangu ileile. Mbele ikainuka, kona zikawa nzito, ikabidi nifunge shokomzoba ndefu nyuma.

Mchangani napunguza upepo wa tairi hadi psi 14 hivi. Lakini usipunguze kabla hujafunga kishikio cha kubana tairi na rimu! Bila hicho tairi huteleza juu ya rimu na kung'oa valvu ya tyubu. Lilinipata saa saba mchana karibu na Ngomeni, nikasukuma hadi lami.

Sproketi ya nyuma, ile gia inayovutwa na cheni, ongeza meno matatu au manne. Mwendo utapungua, nguvu utaiona.

Wala usiidharau injini yako. Mashindano ya kwanza ya jangwani ya Paris hadi Dakar, yaliyoanza Desemba 26, 1978, Cyril Neveu aliyashinda kwa Yamaha XT500: silinda moja, inapozwa kwa hewa, kama hiyo yako.

Ufukweni usipite, kasa hutaga pale. Na ukirudi, osha spoki na cheni kwa maji baridi ya bomba jioni hiyohiyo. Chumvi ya huku haingoji kesho.