Anza na sufuria ya mama ntilie, semina baadaye

Mkuu, umeuliza kwa nini wamachinga na bodaboda wa hapa Dodoma hawaji kwenye semina za presha, na ufanyeje wakuelewe. Nakujibu kama mama ntilie, nina miaka 11 pale Sabasaba.

Kwanza saa zenu. Kuna watu walitujia na bango na kipaza sauti saa sita mchana. Saa sita! Nina foleni ya wali maharage halafu unataka nisikilize habari za mishipa. Njoo saa tisa na nusu, sufuria zimeoshwa, tumekalia ndoo tunahesabu hela. Bodaboda wafuate kijiweni.

Mimi mwenyewe nilijijua kwenye Nanenane, Nzuguni. Nilipita banda la kupima bure, ikasoma 168 kwa 104. Nesi akasema nimetoka kutembea juani, nikae dakika 5 kimya, mkono juu ya meza. Akarudia: 162 kwa 100. Akaniambia niende zahanati nikapime siku nyingine, maana kipimo cha siku moja hakitoshi kusema una presha. Zahanati nako haikushuka chini ya 140 kwa 90, pale presha ya juu inapoanzia, nikaanzishiwa dawa. Na kichwa kilikuwa hakiniumi hata kidogo! Wenzetu wanakwama hapo hapo, "sina dalili", wakati wengi wenye presha hawana dalili yoyote mpaka kiharusi kimewaangusha au figo zimechoka.

Ila kilichonikosesha usingizi ni hesabu ya chumvi. Mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Mimi pakiti ya nusu kilo ilikuwa inaniishia siku 2, na napakua sahani kama 40 kwa siku. Gawanya mwenyewe: gramu 6 na ushee kwa sahani moja, na mteja bado anavuta kopo la chumvi mezani. Hapo magadi sijayagusa, nayo yana sodiamu ile ile ya kwenye chumvi, ndiyo inayopandisha presha. Huku kwetu mlenda bila magadi mtu anaona umemtukana.

Sikumtangazia mtu. Nilipunguza kidogo kidogo kwa wiki 6, maharage nikawa naloweka usiku kucha yaive bila magadi, makopo ya chumvi nikayatoa, nikaweka ndimu na pilipili. Sasa pakiti inafika siku 5. Kelele zilikuja kwenye makopo tu. Bodaboda mmoja akanibishia kwamba jua la Dodoma linamtoa jasho, lazima arudishe chumvi. Nikamwambia kunywa maji, chumvi ya kurudisha imo kwenye mboga tayari na inazidi.

Kikoba chetu tulichanga tukanunua mashine ya kupimia, ile ya kufunga juu ya kiwiko. Kila Jumatatu kabla ya hisa tunapimana na kuandika kwenye daftari. Watu wanabishana namba zao kama matokeo ya mpira, na humo ndimo nimeona mafundisho yanaingia, hata ya kutoacha dawa ukijisikia nafuu.

Yule mbishi bado anakuja na chumvi yake kaifunga kwenye kipande cha gazeti. Wiki iliyopita nilimkalisha, ikasoma 152 kwa 96. Akasema mashine mbovu. Jumatatu kaahidi kurudi.